Walipitisha kwa Makofi

Nilitoka Masasi na begi moja na mfuko wa korosho nilizokusudia kumpelekea mama mdogo. Korosho zile hazikufika. Basi liliondoka alfajiri, adhuhuri likawa Tunduru, na njia nzima nilikuwa natia mkono mfukoni, natafuna, natazama miombo isiyokwisha. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Nilikuwa nimekata mkonge Korogwe, nimechekecha mchanga wa dhahabu Chunya, nimelinda ghala la mbao Mafinga, na misimu mitatu nimebangua korosho za watu. Sikufukuzwa mahali popote. Ilikuwa siku moja naamka, naona dari ile si yangu, nafunga begi.

Songea nililala nyumba ya wageni karibu na stendi. Kesho yake nikapanda kwenda Mbinga, na huko baridi ikanipokea kama mtu anayenijua. Mimi ni mzaliwa wa Matiri. Baba alikuwa Mmatengo wa kahawa na mahindi, kaburi lake liko huko, na la mama liko pembeni yake. Nilisimama stendi ya Mbinga nikitazama gari la Matiri likipakia magunia, utingo akanishika begi.

"Matiri, kaka? Bado mmoja tu!"

Nikamwambia siendi Matiri. Mama alizikwa mimi nikiwa Chunya. Nilifika siku ya nane, udongo umeshakauka, na kaka zangu hawakunisema neno. Afadhali wangenisema. Mtu akikusema unapata la kujibu.

Nilikuwa nakwenda ziwani, kwa sababu mama alikuwa mtu wa ziwani. Aliolewa mlimani akiwa msichana na akaishi na kahawa maisha yake yote, lakini siku za upepo alikuwa akisimama nyuma ya nyumba na kusema, "Huko chini leo wanaanika usipa." Usipa ndio dagaa wa Ziwa Nyasa. Sisi watoto tulivuta pumzi kwa nguvu, tukanusa moshi na banda la nguruwe, basi. Barabara ya kushuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ambayo yeye aliisimulia kama safari ya kulala njiani, sasa ni ya lami, na mimi niliimaliza chai ya asubuhi ingali tumboni. Kwenye kona moja ziwa likatokea lote kwa mpigo. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akasema, "Eee, nyumbani," kwa sauti ya mtu anayevua viatu.

Kutoka Mbamba Bay nilichukua bodaboda kuelekea kaskazini. "Mjomba, begi lipakate mwenyewe," dereva akaniambia. "Ukianguka, uanguke na mali yako." Tukapita Lundo, tukaacha barabara, tukavuka mto mmoja maji yakiwa chini ya magoti, na ng'ambo ya mto ule kulikuwa na kitongoji cha nyumba zisizozidi arobaini. Hapo ndipo alipokuwa akiishi mama mdogo, ndugu pekee wa mama aliyebaki.

Alikuwa amechutama mbele ya kichanja, anageuza usipa kwa mkono. Nikamwamkia shikamoo. Aliinuka, akafuta magamba kwenye kanga, na kabla hajaitikia akakunja viganja kama mtu anayeteka maji, akavikutanisha taratibu mara tatu. Pu, pu, pu. Halafu ndipo akasema marahaba.

Sikuwa nimesikia mlio ule tangu mama afariki. Makofi ya kawaida hulia kwa ukali, yale hulia kwa ndani, kama mtungi unaogongwa. Wanawake wa pale huyapiga wanapompokea mtu, wanapomuaga, wanapopewa kitu, na wanapotaka kusema jambo mbele ya wakubwa. Mama alipanda nayo mlimani, na watu wa Matiri waliyacheka. Nikiwa darasa la nne alikuja shuleni siku ya wazazi, akapiga makofi yake mbele ya mwalimu kabla ya kuuliza habari zangu, darasa zima likacheka. Njiani nilimwomba asije tena. Hakuja tena hadi nilipomaliza.

"Umekuja kukaa au unapita?" mama mdogo aliniuliza jioni ile.

"Nimekuja kukaa, mama."

Akalitazama begi langu, akacheka. "Umezunguka nchi yote umerudi na begi lile lile la kumaliza shule. Haya, kaa. Begi nalo tutalizoesha."

Nyumbani alikuwa na mjukuu mmoja wa kike, mtoto wa binti yake aliyekwenda Makambako kutafuta kazi. Mtoto alikuwa na miaka saba, yuko darasa la kwanza, na siku ya kwanza tu aliniuliza kama najua kuandika herufi ya g yenye mkia mzuri. Nikamwonyesha. Akasema ya mwalimu wake ni nzuri zaidi.

Shule yake ilikuwa umbali wa kurusha jiwe. Ilikuwa shule shikizi, yaani madarasa mawili ya watoto wadogo yaliyowekwa karibu nao ili wasitembee hadi shule kubwa, ambayo tuliiita shule mama. Shule mama ilikuwa ng'ambo ya mto. Kiangazi mtoto anavuka huku anacheza. Masika mto ule hushuka kutoka milimani na magogo, na hata mtu mzima husimama ukingoni akafikiri mara mbili. Shikizi waliijenga wazazi wenyewe. Mama mdogo alikuwa amebeba mawe ya msingi, alikuwa amebeba mchanga, na bati moja lilipita kichwani mwake kutoka barabarani. Alinionyesha hata lilipo, upande wa kushoto, la tatu kutoka ukingoni.

Siku moja akaniuliza, "Shikizi maana yake nini kwa Kiswahili chenu?"

Pale Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya kanisani. Nyumbani wanasema Kinyasa. Nikamwambia ni kitu cha kushikizia, kama mti unaoegemezwa ukutani ili ukuta usianguke.

"Na ukiuondoa huo mti?"

Nilicheka nikasema inategemea ukuta.

Nilikuwa sijamaliza miezi mitatu pale mwalimu mkuu alipojua kwamba nimefika kidato cha nne. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyelemewa na karatasi. Alinikuta dukani nikimwandikia mtu barua, akainama kutazama. "Wewe una mwandiko," akasema. "Njoo unisaidie kuandika muhtasari wa mikutano ya wazazi. Mimi nikiongoza na kuandika pamoja, vyote vinakwenda upande."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Katika maisha yangu yote ya kuhama sikuwahi kukaa mahali wanaponihitaji kwa jambo lisilo la mabega. Nilinunua kalamu mpya. Nikasoma mihtasari ya zamani, nikaipenda lugha yake. Ni Kiswahili kisicho na mtu ndani. Ilielezwa kuwa. Ilisisitizwa. Wajumbe waliafiki. Ukisoma unadhani ulimwengu unajiendesha wenyewe, bila mtu kukohoa wala kukasirika. Nilijifunza kukiandika haraka, na mwenyekiti wa kamati ya shule akawa ananiita bwana mwandishi mbele za watu.

Mwezi wa kumi ikatoka habari kwamba shikizi itaunganishwa na shule mama. Mwalimu wa shikizi, binti wa kujitolea, alikuwa amepata ajira wilaya nyingine na ameshaaga. Shule mama ilikuwa na darasa jipya lililosimama kuta tupu, na mvua zilikuwa karibu. Bati za shikizi zingelitosha. Watoto wote wangekuwa chini ya paa moja, na walimu wa kweli. Ilikuwa hoja inayoeleweka. Nasema hivi kwa sababu kwa muda mrefu nimetafuta mtu mbaya katika jambo hili, na sikumpata niliyemtaka.

Wazazi wangekutana, waseme. Mama mdogo akaamua kusema.

Alikuwa hajawahi kusimama kwenye mkutano. Wiki nzima alijizoeza pale kichanjani, na mimi nikimtengenezea Kiswahili. Usipa ukigeuzwa, maneno yanageuzwa. Kwanza hupiga makofi yake matatu, halafu huanza.

"Ndugu viongozi, shikamooni. Sisi wa ng'ambo hatuikatai shule kubwa. Tunaomba shikizi ibaki mpaka mtoto afike darasa la tatu, awe na miguu ya kuvuka. Mimi mto huu ulinitoa shuleni nikiwa darasa la pili. Ahsanteni."

"Bibi," mjukuu akasema, "unasema mto ulikutoa kama vile una mikono."

"Unayo. Hujaiona tu."

Nikamwambia huenda makofi ya mwanzo hayana haja, mkutano si ugeni. Alinitazama kama niliyemwambia aende bila nguo. "Nitaingiaje kwenye maneno ya watu bila kubisha hodi?" akasema. Wanawake wenzake walijua atasema yeye. Na kwa desturi yao, mmoja anapobisha hodi kwa ajili ya wote, wengine humwitikia kwa makofi yale yale, wasikilizaji wajue hayuko peke yake.

Mkutano ulikuwa asubuhi, katika darasa la shule mama. Mbele iliwekwa meza yenye kitambaa. Akakaa mwenyekiti, akakaa mwalimu mkuu, katikati akakaa afisa elimu wa kata, kijana mpole wa mkoa mwingine aliyekuwa na mkutano wa pili mchana huo huo, na mwisho wa meza nikakaa mimi. Wanaume walijaza madawati. Wanawake wa ng'ambo walikaa nyuma, chini, karibu na mlango. Mzee mmoja aliingia amechelewa akiwa na jembe begani.

"Karibu, mzee," mwenyekiti akamwambia. "Kikao kilianza jana."

"Ndiyo maana nimekuja leo, nilijua bado mnasomana majina."

Watu wakacheka, na mkutano ukaenda vizuri. Tukajadili vyoo. Tukajadili uji wa wanafunzi na nani hajaleta mahindi, na watu wakataniana kwa majina ya koo. Mimi niliandika. Kalamu ilikuwa inateleza vizuri siku ile, nakumbuka.

Ikafika hoja ya shikizi. Afisa akaeleza kwa adabu na kwa haraka, akitumia maneno kama miundombinu na ikama, ambayo hata mimi niliyasikia nikayaandika bila kuyatafuna. Kisha akatazama saa. "Sasa wazazi," akasema, "mimi siwezi kuwaamulia. Shule ni yenu. Je, jambo hili tulipitishe?"

Kimya. Si kimya cha kukataa wala cha kukubali. Ni kile kimya cha watu wanaogeuza maneno ya kigeni kuyaingiza katika lugha yao, na kinachukua muda.

Nyuma kabisa, mama mdogo akasimama. Niliona kanga yake ya kijani ikiinuka. Akakunja viganja. Pu, pu, pu. Na wenzake, wote waliokaa chini, wakamwitikia pamoja, pu, pu, pu.

Uso wa afisa ukang'aa. "Haya! Kumbe! Makofi hayo!" akasema. "Tena yameanzia kwa akina mama, tena wa ng'ambo wenyewe! Nawashukuru sana, wazazi, kwa moyo huo." Wanaume wa upande wa shule mama nao wakapiga makofi, yale makali, na mtu mmoja akapiga mluzi. Darasa likavuma. Mwenyekiti akasema, "Limepita hilo. Twende mengineyo."

Mama mdogo alikuwa bado amesimama, mdomo umefunguka kidogo, neno la kwanza likiwa tayari. Hakumtazama afisa. Alinitazama mimi.

Mimi nilijua. Katika meza ile mimi peke yangu nilijua kwa hakika. Nilikuwa nimeyasikia makofi yale kila siku kwa wiki nzima, na maneno yanayoyafuata niliyapanga mwenyewe. Nilihitaji kusema, "Mwenyekiti, yule mama anaomba nafasi." Ni maneno matano. Lakini nilikuwa mtu wa kuja, nimekaa kwenye kiti chenye mgongo, nimevaa shati la mikono mirefu, na afisa alikuwa anafunga daftari. Nilifikiri watacheka. Nilifikiri, nitarekebisha baadaye, karatasi hurekebishwa. Kalamu ilikuwa imeshaandika: Wazazi walipitisha hoja hii kwa. Nikaongeza neno lililobaki.

Nilipoinua macho alikuwa amekaa.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mtoni alitangulia, ameshika viatu mkononi. Nilipomfikia nikamwambia, "Mama mdogo, nitalisahihisha lile."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi limeandikwa," akasema, akaendelea kuvuka.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho, na uso wake ulinyong'onyea kweli. Lakini muhtasari ulikuwa umeshasainiwa, umegongwa mhuri, na nakala ameondoka nayo afisa. "Utaratibu unajua," akaniambia. "Subiri kikao kijacho, pale kwenye kuthibitisha muhtasari. Usimame, useme neno hili si hili. Hata mimi nitakuunga mkono." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila, bwana mwandishi, ungesema pale pale."

Bati ziling'olewa wiki iliyofuata. Wazazi waliitwa kwa kazi ya mikono kama walivyoitwa wakati wa kujenga. Nilimwambia mama mdogo asiende, nitakwenda mimi kwa niaba ya nyumba. Akafunga kata ya kanga kichwani akaenda. Alilichagua lake, la tatu kutoka ukingoni, akalivusha mto. "Nililileta mimi," aliwaambia wenzake waliokuwa wakimtazama. "Litavushwaje na mtu mwingine?" Wale wanawake wakacheka, na mmoja akasema bati lile limemzoea, lisije likarudi lenyewe usiku. Mimi nilikuwa nyuma yao na misumari ndani ya kopo.

Mvua zilianza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Shule zilipofunguliwa mwaka mpya, nilimbeba mjukuu mgongoni, asubuhi na mchana, nikimvusha. Alikuwa anapenda. Alinishika masikio akaniita boti. Siku nyingine maji yalinifika kiunoni, alinyamaza, nikasikia pumzi yake shingoni. Watoto wengine wa kitongoji hawakuwa na mtu wa kuwabeba, wakabaki nyumbani wiki hadi wiki.

Mwezi wa pili nikasikia kuna kazi ya kuziba mitumbwi Mbaha. Nilimwambia mama mdogo nakwenda siku mbili. Nilikaa wiki tatu. Sina maelezo mazuri. Kulikuwa na watu wapya, na hadithi zao, na asubuhi niliamka sehemu nisiyoijua, na kifua changu kikawa chepesi kama kinavyokuwa siku zote mahali papya. Niliporudi, sare ya mtoto ilikuwa imekunjwa juu ya sanduku. Siku ya nne baada ya mimi kuondoka, mama mdogo alijaribu kumvusha mwenyewe. Wakateleza. Mtoto alishikwa na mzizi wa mti, begi likaenda, kiatu kikaenda. Hakuumia. Lakini alipofika nyumbani alisema haendi tena, na bibi yake hakumbishia.

"Uliniambia siku mbili," mtoto akaniambia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama anayesahihisha hesabu.

Kikao kilichofuata kiliangukia katikati ya mvua zile. Wanawake wa ng'ambo waliofika walikuwa sita, kanga zimelowa hadi kiunoni. Wakakaa pale pale nyuma, na kitu fulani kilinisumbua katika kuwatazama, nikachelewa kukitambua. Mikono yao haikuonekana. Wote sita walikuwa wameitia ndani ya kanga.

Mwalimu mkuu akasoma muhtasari. Ulipofika kuthibitishwa, nikasimama. Tangu kikao kile nilikuwa nimeyaandaa maneno yale. Nikasema kwamba kwenye hoja ya shikizi niliandika vibaya, kwamba makofi yale hayakuwa ya kuafiki, yalikuwa ya kuomba kusema.

"Kwani makofi yako ya aina ngapi?" mwenyekiti akauliza, kwa mshangao wa kweli.

"Ya harusi na ya mbu!" mtu akajibu kutoka kwenye madawati, na darasa likaanguka kicheko. Mwalimu mkuu akainua mkono kuwatuliza. Akasema bwana mwandishi ana jambo la maana, tulisikilize. Aliniunga mkono kama alivyoahidi, siwezi kumdai zaidi.

Mwenyekiti hakuwa mkorofi. Aligeuka kuelekea nyuma. "Basi wenyewe wapo. Mama, siku ile mlikuwa mnakubali, au mlikuwa mnataka kusema?"

Mama mdogo alisimama polepole. Nilimwomba kwa macho. Hotuba yake ilikuwa bado kichwani mwangu neno kwa neno, na naamini ilikuwa bado kichwani mwake. Safari hii darasa lilikuwa tayari kumsikiliza. Juu ya vichwa vyetu mvua ilikuwa inapiga bati, na mojawapo lilikuwa lake.

"Limeandikwa, mwenyekiti," akasema. Akakaa.

"Kuna mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwandishi, tuendelee." Nikakaa, nikachukua kalamu, nikaandika: Muhtasari ulithibitishwa bila marekebisho.

Baadaye, tukila ugali wa muhogo, nilimuuliza kwa nini hakusema. Alitafuna hadi akameza. "Yale yalikuwa maneno ya siku ile," akasema. "Siku ile paa lilikuwa juu. Leo niseme ili wewe upone?"

Hakulisema kwa ukali. Akanisogezea samaki.

Nilijaribu kumfundisha mtoto nyumbani. Nilichora herufi kwa mkaa kwenye ubao wa mtumbwi uliokufa. Siku chache aliandika vizuri, kisha akawa ananyanyua kichwa kusikiliza. Shikizi walikuwa na rimu ya gurudumu la gari iliyoning'inizwa kama kengele, na ilikuwa imehamia shule mama pamoja na bati. "Mjomba, bila kengele nitajuaje kama ni saa ya kusoma?" Nikagonga sufuria. Alicheka, lakini hazikuwa kengele sawa, na mwezi wa nne alikuwa anageuza usipa na bibi yake mkono kwa mkono, haraka, kwa ustadi, kama mtu aliyepata kazi yake. Mto ulipopungua mwezi wa tano nilimpeleka shule mama. Walimpokea vizuri. Wakasema ataanza upya darasa la pili mwakani, mwaka huu ameshapitwa. Njiani kurudi alivuka mwenyewe, hakutaka mkono wangu.

Nilijua ningeondoka kabla sijakubali kujua. Safari nyingine zote niliondoka kwa sababu mahali hapakuwa pangu. Pale palikuwa pangu, na ndiyo maana nilishindwa kuamka asubuhi nikakutana na ile mikono ya bibi na mjukuu kichanjani. Nilimrudishia mwalimu mkuu daftari la mihtasari. Alilipokea, akaniambia mwandiko wangu utakumbukwa.

Nilipofunga begi, mama mdogo alisimama mlangoni. "Halikuzoea," akasema.

Walinisindikiza wote wawili hadi kwenye kuta za shikizi, ambako bodaboda ilikuwa inangoja. Ndani ya darasa lisilo na paa nyasi zilikuwa zimeota hadi dirishani. Kwenye ukuta mmoja herufi za yule binti wa kujitolea zilikuwa bado zinaonekana, a, e, i, na g yenye mkia mzuri, mvua ilikuwa haijazifikia.

Desturi ya pale anayeondoka huagwa kwa makofi. Mama alikuwa akimpigia kila msafiri aliyetoka kwetu Matiri, hata wale waliomcheka. Nililifunga begi nyuma ya pikipiki, nikakaza kamba ambayo ilikuwa imeshakaza, nikaifungua, nikaikaza tena.

"Ufike salama, baba," mama mdogo akasema. Mikono yake ilikuwa ndani ya kanga.

Dereva akawasha. Mjukuu akanitazama, akanyanyua mikono, akakunja viganja kama anayeteka maji. Kisha akageuka kumtazama bibi yake, na akaishusha.